SAFARI YA NYIKANI PAMOJA NA AHALI
Somo la Fiqhi na Mazingatio, kwa Mfano wa Nchi ya Homa Bay

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake na masahaba wake. Ama baada ya haya:

Limeulizwa swali: Je, yafaa mtu kumchukua mkewe na wanawe, wavulana kwa wasichana, akaenda nao nyikani, wakalala hemani siku mbili tatu na kupanda milima, pasi na biashara, wala harusi, wala maziko? Wako wasemao kuwa huo ni mchezo wa kuiga Wazungu na ni kupoteza mali. Na wako wasemao kuwa safari ni ya wanaume. Mwanamke safari yake ni arusini na matangani. Twataka kuyapima maneno haya kwa mizani ya Kitabu na Sunna, kisha tutoe mfano wa Homa Bay, katika ufuko wa Ziwa Victoria, ili masala yafahamike kwa mahali panapojulikana.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Sura ya Ankabut, aya ya 20, tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Na katika Sura ya Haji, aya ya 46, amewalaumu wale wasiotembea wakapata nyoyo za kuzingatia. Amri hii haikumtoa mwanamke. Mtume, sala na amani zimshukie, alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura alikwenda naye. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari. Na Abu Daudi amepokea kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha safarini. Basi ni nani awezaye kusema kuwa kucheza na ahali njiani ni mambo ya Wazungu?

Liko na kubwa zaidi. Ruhusa ya kutayamamu ilishuka safarini, Bibi Aisha alipopotelewa na kidani chake, na jeshi zima likangoja kukitafuta mahali pasipo maji. Lau wanawake wangezuiliwa kusafiri, sababu hiyo isingekuwapo. Umma wote leo wanufaika na rehema iliyoletwa na safari ya bibi aliyefuatana na mumewe.

Ndugu msomaji, jambo hili si la starehe tu. Wengi wa vijana wetu wamejifunza sala ndani ya msikiti wenye bomba, mihrabu na mwadhini. Binti naye amejifunza chumbani kwa mamake. Siku atokapo kwenda bara kwa masomo au kazi, hakuna bomba wala mihrabu, na sala humponyoka siku baada ya siku. Hakukusudia kuacha dini. Hakufundishwa namna ya kuichukua. Baba amchukuaye mwanawe nyikani siku mbili humfunza lile ambalo chuoni husomwa kitabuni tu.

Na haya ndiyo masala ayahitajiyo msafiri wa namna hii, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

KUPUNGUZA NA KUKUSANYA. Kutoka Mombasa hadi Homa Bay ni zaidi ya kilomita 800, nayo yapita kwa mbali marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu. Basi Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili tangu kutoka mjini. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Yafaa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mwenye kunuia kukaa huko siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake hukatika afikapo. Na ukisali nyuma ya imamu mkazi katika msikiti wa Kendu Bay au Homa Bay, yakupasa utimize rakaa nne.

KIBLA. Mtu wa Mombasa huelekea kaskazini sawasawa, kwani Makka i karibu juu ya mstari wake. Homa Bay iko magharibi zaidi. Kwa hiyo Kibla chake ni kaskazini yenye kupinda kuume, upande wa mashariki, kiasi cha digrii 13. Mfundishe mwanao kuliweka macheo la jua kuumeni mwake, kisha ageuke kidogo kulielekea. Tena kila mwaka, kiasi cha tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Alkaaba yenyewe. Simika fimbo wakati huo: kivuli huanguka kinyume cha Kibla.

MAJI. Penye ziwa hapana tayamamu kwa mwenye afya. Lakini kando ya Ziwa Victoria pana hatari ya kichocho, ambacho huingia kwa ngozi. Basi watoto wasiingie ziwani, na maji ya udhu na ya kunywa yachemshwe kwanza. Katika kuupanda Mlima Homa, wenye kimo cha mita 1,751, yaani mita 600 na zaidi juu ya ziwa, maji mliyoyachukua ni ya kunywa kwanza. Mkiyahofia, na baada ya kutafuta hamkupata mengine, tayamamuni kwa udongo tohara wenye vumbi, na kila fardhi kwa tayamamu yake.

KULALA. Mtume amekataza kupiga kambi ya usiku njiani, kwa kuwa ndipo wapitapo wanyama na wadudu. Basi hema lisipigwe katika njia ya wanyama, wala ndani ya mkondo mkavu, kwani mvua ya mlimani huuteremkia ghafula. Zima moto kabla ya kulala. Nayo ni amri yake Mtume. Soma dua ya kushukia mahali, ambayo Imamu Muslim ameipokea kwa Bibi Khaula binti Hakim: mwanamke ndiye aliyetufikishia ulinzi huo wa msafiri.

MAVAZI. Katika Bonde la Lambwe iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120, iliyotengwa mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Humo huonekana korongo, paa mkubwa aliyekwisha kuwa adimu nchini Kenya. Humo pia mna mbung'o, nao huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Basi mabibi wavae nguo pana za rangi nyepesi. Stara i katika kufunika mwili; buibui jeusi ni ada yetu, na ada si nguzo ya dini.

Mwisho, karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, ambalo jina lake kwa Kijaluo lahusu mji uliozama. Wenyeji husimulia kuwa bibi kizee alifika usiku penye karamu akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu akamkirimu, naye akaokoka mji ulipodidimia. Wajuzi wa ardhi husema ni shimo lililochimbwa na mripuko wa volkano. Muislamu asikifanye kisa hiki itikadi, wala asiombe baraka kwa ziwa, mti au jiwe. Mwenye kuombwa ni Mmoja. Lakini asikidharau. Sura ya Kahf yatueleza habari ya mji uliokataa kuwakirimu Nabii Musa na mwenziwe. Jirani zetu Wajaluo wameihifadhi hukumu iyo hiyo juu ya ubakhili, na yatupasa tuwasikilize kwa adabu tuwapo wageni wao.

Basi ewe baba, likizo ijayo usiwaache nyumbani. Chukua hema, dira na mtungi. Umpe mwanao adhana, na umwachie binti yako kazi ya kutafuta Kibla.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi, na kwake ndiko kuwafikishwa.