Nafasi ya Utani katika Uhakiki wa Filamu: Mazingira ya Matambarale, Ruangwa

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutafuta uhakiki katika maandishi: tahakiki za vitabu, tasnifu, na safu za magazeti. Kwa upande wa filamu, maandishi ya namna hiyo katika Kiswahili ni machache yakilinganishwa na yale yanayohusu riwaya, tamthilia na ushairi. Kutokana na uchache huo ni rahisi kuhitimisha kwamba mtazamaji wa kawaida, hasa wa kijijini, hahakiki filamu bali huifurahia tu na kuisahau.

Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Tunadai kwamba marafiki wanapotaniana juu ya filamu ipi ni bora ya mwaka, wanafanya uhakiki wenye vigezo, hoja na maafikiano, ila vigezo hivyo vimefichwa ndani ya mzaha. Tunadai pia kwamba utani ndio unaouwezesha uhakiki huo, kwa kuwa humruhusu mtu kukosoa bila kuvunja urafiki, na kukubali hoja ya mwenzake bila kufedheheka. Ili kufafanua madai hayo tutatumia mazingira ya Matambarale, katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi.

2.0 Mtazamaji na Historia Yake

Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995 ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Wenyeji wengi ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wayao, Wangindo na wengineo. Zao kuu la biashara ni korosho, na fedha za wakulima huja kwa msimu, minada inapofanyika kupitia vyama vya ushirika vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tunayataja haya kwa sababu yanagusa swali letu: katika mazingira ya namna hii, filamu haiji kwa tarehe ya uzinduzi, bali huja njia inaporuhusu na fedha inapopatikana.

Historia ya filamu nchini imemchukulia mtazamaji kama mwanafunzi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulikuwapo mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Msingi wake ulikuwa imani kwamba Mwafrika anahitaji filamu za pekee, zilizorahisishwa ili zimfundishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili kama *Muhogo Mchungu*, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Filamu hizo nazo zilikusudiwa kuonya na kuadilisha. Baada ya uhuru, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kuzikagua filamu kabla hazijamfikia mtazamaji. Kila mara palikuwa na mtu aliyetangulia kuamua nini kinamfaa mtazamaji. Maoni ya mtazamaji mwenyewe yalisikika zaidi barazani na njiani kurudi nyumbani.

Majumba ya sinema yalikuwa mijini. Vijijini, mageuzi makubwa yaliletwa na mikanda ya video, kisha na vibanda vya video ambavyo wenyewe watazamaji huviita vibanda umiza. Humo alizuka mfasiri anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Aliyepata sifa kuliko wengi ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hii hatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina ya mitaani, huwakejeli, na hutoa maoni juu ya matendo yao. Kwa hiyo mtazamaji wa kibandani alizoea kuona filamu na utani wake vikienda sambamba.

3.0 Utani kama Utanzu

Katika elimu ya jamii, Radcliffe-Brown (1940) aliueleza utani kuwa ni uhusiano ambao ndani yake mtu ana ruhusa ya kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Moreau aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940. Mambo mawili ni muhimu kwetu. Kwanza, utani ni haki inayokwenda na wajibu: mtani anayekutukana mchana ndiye huyo huyo anayekuhudumia msibani. Pili, utani huruhusu ukweli usemwe. Katika jamii nyingi za Tanzania, mjukuu humwambia babu yake kwa utani jambo ambalo mwanawe wa kumzaa asingethubutu kulitamka.

Katika fasihi, Mulokozi (1989) aliiweka mizaha, soga na malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo, akizingatia umbile la kazi yenyewe pamoja na muktadha na namna inavyowasilishwa kwa hadhira. Utani wa marafiki juu ya filamu uko baina ya soga na malumbano ya watani. Unafanana na soga kwa kuwa hauna siku maalumu wala mahali maalumu. Unafanana na malumbano kwa kuwa una pande zinazoshindana, una hadhira inayocheka na kuchochea, na una kanuni zinazojulikana na wote japo hazijatamkwa.

Tofauti yake ni kwamba utani wa ukoo au wa kabila hurithiwa, ilhali utani wa marafiki huchaguliwa. Je, wajibu wa watani hawa ni upi? Kwa maoni yetu, wajibu wa kwanza ni kuitazama filamu. Asiyeitazama hana haki ya kuidhihaki, na swali la kwanza katika malumbano haya huwa ni kama msemaji ameiona kweli. Wajibu wa pili ni kuigawa: anayeisifu filamu hana budi kuwapatia wenzake njia ya kuiona.

4.0 Mfano wa Malumbano

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya uchambuzi. Hayakunukuliwa kwa mtu yeyote. Wasemaji ni marafiki watatu waliokulia Matambarale: A anaishi Dar es Salaam, B amebaki kijijini, C yuko Ruangwa mjini. Wanaandikiana kwa simu, katika kundi sogozi lao, mwishoni mwa mwaka 2022.

A: Jamani, mjadala umefungwa. Filamu ya mwaka ni *Vuta N'kuvute*. Nyingine zote ni matangazo ya sabuni.
B: Umeiona, au umeliona bango lake ukiwa kwenye daladala?
A: Nimeiona, na machozi yamenitoka.
B: Wewe hata mnada wa korosho ukiahirishwa unalia. Filamu ni *RRR*. Jamaa anafungua lori, wanatoka chui, wanavamia karamu ya wakoloni. Hapo ndipo unapojua kuwa nauli yako haikupotea.
A: Chui wa kompyuta hao. Chui gani anajua nani mkoloni, nani mpishi?
B: Afadhali chui. Huyo Denge wako anapindua serikali kwa kugawa vikaratasi.
A: Vikaratasi vinataka kusomwa. Ndiyo maana vimekupita.
C: Nyote mmepotea. *The Woman King*. Wanawake wanapigana wenyewe, hawangoji kuokolewa.
B: Huyo anaandika hivyo kwa sababu shemeji amekaa ubavuni.
C: Amekaa, na anauliza lile deni lake la mchele utalipa lini.
A: Hapo hata chui hawamwokoi mtu.
B: Sawa, nimepigwa. Lakini semeni kweli: wale jamaa wawili darajani, wanamwokoa mtoto motoni, nani hapa hakusimama?
A: Nilisimama. Nilikuwa natafuta viatu.
B: Na mimi Yasmin wako nilimwonea huruma. Kidogo tu. Kama robo kilo.

5.0 Uchambuzi

5.1 Kigezo ndani ya kejeli

Tukiondoa mzaha, tunabaki na orodha ya vigezo. "Chui wa kompyuta" ni hoja ya uhalisi: A anadai kwamba tukio lisiloaminika hupunguza uzito wa filamu. "Anapindua serikali kwa kugawa vikaratasi" ni hoja ya mwendo wa vitushi: B anataka ukombozi uonekane kwa vitendo. Jibu la A kwamba vikaratasi "vinataka kusomwa" ni utetezi wa filamu inayomtaka mtazamaji afikiri. Kauli ya C inahusu nafasi ya mwanamke kama mtendaji. Nauli ya B ni kigezo cha thamani: je, filamu imelipa gharama na taabu ya kuifikia?

Ikumbukwe pia kwamba filamu zote tatu zinahusu kupambana na watawala na wavamizi. *Vuta N'kuvute*, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950. *RRR* ya S. S. Rajamouli ni ya India chini ya Waingereza, na *The Woman King* ni ya Dahomey ya mwaka 1823. Bila kulitamka, marafiki hawa wanajadili swali zito: mapambano yaonyeshwe vipi ili mtazamaji ayaamini, kwa hekaya ya kishujaa au kwa maisha ya watu wa kawaida? Swali hilo lingetosha kuwa mada ya semina.

5.2 Kumpiga msemaji

Mara tatu shambulio linaelekezwa kwa mtu na si kwa filamu: kilio cha A, usomaji wa B, na mke wa C. Katika mantiki ya darasani hilo ni kosa. Katika utani lina kazi mbili. Linapima kama urafiki bado unaubeba mzaha, na linamkumbusha msemaji kwamba hukumu yake ina mahali inapotoka. A anaisifu filamu ya Kiswahili akiwa mjini. B anasema kutoka kwenye kibanda ambako nauli na kiingilio ni gharama halisi. Kwa kumdhihaki mhakiki, watani wanachambua nafasi ya mhakiki, jambo ambalo nadharia nyingi za kisasa hulisisitiza kwa lugha nzito zaidi.

5.3 Kukubali bila kufedheheka

Kilele cha malumbano haya ni mistari mitatu ya mwisho. B anauliza kwa dhati, na neno "semeni kweli" linautenga mstari huo na iliyotangulia. A anakubali kwamba alisimama, kisha anakifunika kibali chake kwa viatu. B naye anakubali kwamba Yasmin amemgusa, kisha anapima huruma yake kwa mizani ya dukani. Kila mmoja ametoa alichokatalia mwanzoni, na hakuna aliyeshindwa. Mizaha hiyo ndiyo iliyowapa njia ya kurudi nyuma. Wangejadiliana kwa ukali mtupu, kila mmoja angebaki na filamu yake.

5.4 Maana ya "mwaka"

*Vuta N'kuvute* ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, lakini A anaihesabu kuwa ya 2022, na hakuna anayempinga. Katika utani huu, mwaka wa filamu ni mwaka inapomfikia mtazamaji. Kanuni hii si ngeni. Filamu ya Kihindi *Awara*, iliyotolewa mwaka 1951, iliendelea kupendwa na watazamaji wa Tanzania kwa miaka mingi. Kamati za tuzo huhesabu kwa kalenda ya watengenezaji. Marafiki wa Matambarale wanahesabu kwa kalenda ya wapokeaji. Mtafiti atakayepuuza tofauti hiyo atadhani wamekosea tarehe.

6.0 Mipaka ya Utani

Tusiusifu utani kupita kiasi. Kwanza, huweza kumnyamazisha mtu. Hoja ya C kuhusu wanawake inajibiwa kwa mzaha kuhusu mkewe, na haipati mjadala uliostahili. Kama mke wake asingeingia na deni la mchele, hoja hiyo ingekufa kwa kicheko. Inafaa kuuliza ni hoja ngapi za wanawake hufa hivyo.

Pili, utani huhitaji watani. Barazani, msemaji huona uso wa mwenzake na hujua akomee wapi. Katika simu, uso haupo, na vijipicha vya vicheko havitoshi kuziba pengo hilo. Zaidi ya hayo, maneno ya mdomo hupita, ilhali yaliyoandikwa hubaki na huweza kuhamishwa kwa mtu asiye mtani, ambaye kwake dhihaka ni tusi tu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, tofauti hiyo ina uzito hata kisheria. Kwa hiyo makundi madogo ya watu wanaojuana ndiyo mazingira yanayoufaa utani huu, na ni hatari kudhani kwamba kanuni zake zinahama pamoja na maneno yake.

Huenda msomaji akauliza kama maandishi ya simu yanaweza kuitwa fasihi simulizi. Tukifuata vigezo vya umbile, muktadha na uwasilishaji, maandishi hapa ni chombo tu. Yanategemea majibu ya papo kwa papo, hadhira iliyopo na ufahamu wa pamoja. Ukiyatoa katika muktadha huo yanabaki makapi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utani juu ya filamu bora ya mwaka haukusudii kumpata mshindi. Kazi yake ni kuvitoa vigezo hadharani, kuvipima kwa kicheko, na kuwawezesha marafiki kubadili maoni bila aibu.

Jambo hili lina maana kwa ufundishaji wetu. Mwanafunzi anayetoka Matambarale, au kijiji kingine chochote, huja chuoni akiwa tayari amefunzwa na wenzake kudai ushahidi ("umeiona?"), kutambua nafasi ya msemaji, na kukubali hoja nzuri ya mpinzani. Akifika darasani hutakiwa aandike kwamba filamu "imefaulu kifani na kimaudhui", na stadi hizo huziacha mlangoni. Tukifanya hivyo tunaendeleza dhana ile ile ya Vugiri kwamba mtazamaji ni mtu wa kufundishwa tu. Idara zetu zingefanya vyema kuyakusanya malumbano ya namna hii kwa ridhaa ya wenyewe, kuyachambua kama utanzu, na kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuitetea filamu yake kwanza mbele ya watani, kabla hajaitetea mbele ya mtahini.