Kupanga Joto na Ubaridi wa Nyumba Kabla ya Kuchimba Msingi

Mtu anayejenga nyumba mpya katika mtaa wa Soweto, mjini Moshi, hufikiria kwanza saruji, nondo na mabati. Joto hulifikiria baadaye, mwezi wa Februari, akiwa amekwisha kuhamia na usingizi haupati. Hapo hununua feni, na mwenye uwezo hununua kiyoyozi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya jambo hili huamuliwa siku ile fundi anapofunga kamba za kupimia msingi, na kwamba hesabu zinazohitajika hazizidi zile za shule ya sekondari.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, halijoto ya hewa hupungua nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kijiji kilichoko mita 600 juu ya Soweto, kama zilivyo sehemu za Marangu, Machame na Kibosho, kitapungukiwa na nyuzi 4 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu wa bondeni atafute upepo usiku ambapo jamaa yake wa mlimani anatafuta blanketi la pili. Hata hivyo ramani moja ya nyumba hujengwa kotekote.

Sasa tulitazame jua. Moshi iko karibu nyuzi 3.4 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa nyuzi 27 hivi kaskazini ya utosi. Mwezi wa Desemba huwa nyuzi 20 kusini yake. (Adhuhuri ya kweli ya Moshi ni karibu saa sita na nusu, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, nayo Moshi iko kwenye 37.) Tuchukue ukuta wa kaskazini ambao kimo chake, kutoka upenu hadi chini ya dirisha, ni mita 1.2. Upana wa upenu unaotosha kulitia dirisha kivuli adhuhuri ya Juni ni 1.2 × tan 27°, yaani mita 0.61. Kwa ukuta wa kusini mwezi wa Desemba, mita 0.44 zatosha.

Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Mwezi wa Machi, saa nne baada ya adhuhuri ya kweli, jua huwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho. Upenu wa kulikinga dirisha lile lile ungepaswa kuwa 1.2 ÷ tan 30°, yaani mita 2.08. Hakuna anayejenga upenu wa namna hiyo. Isitoshe, ukuta wa matofali ya saruji hulihifadhi joto la jioni na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, wakati watu wamelala. Kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Ikiwa kiwanja ni chembamba na hakiruhusu, upande wa magharibi uwekwe stoo, bafu na jiko, na nje yake upandwe mwembe au mparachichi.

Mpango huo unafaa pia kwa upepo. Mchana miteremko ya Kilimanjaro hupata joto na hewa hupanda mlima. Usiku hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka kuelekea mjini kutoka kaskazini. Chumba chenye dirisha kaskazini na tundu jingine kusini huipokea na kuipitisha. Chumba chenye dirisha moja hakiipitishi, hata dirisha hilo liwe kubwa namna gani.

Lililobaki ni paa, na hapa ndipo kiyoyozi hushindwa. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kila mita mraba ya paa yaweza kupokea wati 1,000 hivi. Chumba cha mita 4 kwa 4 basi hupokea wati 16,000. Sehemu kubwa hurudi hewani, lakini tuseme moja ya tano tu inaingia ndani: ni wati 3,200, na kiyoyozi cha kawaida cha chumba huondoa kati ya wati 2,600 na 3,500. Mashine yote itashughulika na bati! Dari, matundu ya hewa juu yake, na rangi nyeupe ni rahisi kuliko umeme wa miaka yote.

Kwa wakazi wa mlimani tatizo ni kinyume. Nyumba ya jadi ya Wachaga ilifunikwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, na hewa iliyonaswa ndani ya nyasi ilizuia mpitisho wa joto. Ndani mlikuwa na moto na ng'ombe, na kila ng'ombe hutoa wati mia kadhaa. Moshi wake uliumiza macho na mapafu, ila ulipenya polepole kwenye nyasi. Katika chumba cha saruji chenye madirisha ya vioo yaliyofungwa, jiko la mkaa ni hatari ya kufisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Anayetaka moto ndani ajenge dohani tangu mwanzo. Kuitoboa baadaye ni gharama, na wengi huahirisha.

Walimu waweza kulijaribu jambo la dari darasani. Chukueni maboksi mawili yaliyo sawa, yafunikeni kwa vipande vya bati, na ndani ya moja wekeni karatasi nene sentimita 5 chini ya bati. Pitisheni kipimajoto ubavuni mwa kila boksi, someni kila baada ya dakika 15 kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, kisha choreni grafu. Jioni wekeni chupa ya maji ya moto ndani ya kila boksi na mwendelee kusoma. Wanafunzi waeleze kwa nini karatasi ile ile iliyozuia joto kuingia mchana sasa inalizuia kutoka, na ni katika kijiji kipi kila tabia itafaa zaidi.