Safu Zinazojipanga Zenyewe


Kabla ya takbira imamu hutukumbusha kunyoosha safu. Zipo molekuli zinazojipanga bila kuamrishwa. Asidi fulani za jamii ya benzoiki zina molekuli fupi mno kupanga safu. Lakini mbili zikikaribiana hushikana kwa bondi za haidrojeni, zikawa kijiti kirefu. Vijiti hivyo huelekea upande mmoja huku vikitiririka: hiyo ndiyo fuwele kimiminika. Bondi moja ni dhaifu, joto likizidi hukatika; na pasipo ukaribu haipo kabisa.

Hapa Nyamitanga tunaswali bega kwa bega, wa Mbarara na wa Nakivale, kisha tunatawanyika bila kujuana majina. Ijumaa hii, baada ya salamu, muulize jirani yako jina na hali yake.