Walinde Vifaranga Bila Sumu

Nyumba nyingi za Jang'ombe zina kuku uani. Yai hujenga mwili wa mtoto. Kwa hiyo kipanga akinyakua kifaranga, amenyakua chakula cha mtoto wako. Una haki ya kukasirika. Lakini angalia, hasira hiyo inakupeleka wapi?

Wapo watu wanaopaka dawa ya wadudu au ya panya kwenye nyama, wakaiweka juu ya ukuta ili kipanga afe. Usifanye hivyo. Kipanga hupenda kukamata kiumbe kinachokimbia. Atakayeila nyama ile ni paka, kuku wako mwenyewe, au mtoto anayetambaa. Na ndege aliyekula sumu huweza kuruka akafie kisimani kwa jirani.

Tena iko sheria. Ndege na wanyama wa mwituni wa Zanzibar wamo katika Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996. Usiwatege wala kuwaua kwa kujiamulia. Wakizidi, nenda kwa sheha, akuelekeze kwa maafisa wa misitu. Kipanga naye ana faida. Hula panya, na panya huleta maradhi.

Kwanza mjue mwizi wako. Kipanga hushuka ghafla, hukamata kwa makucha, akaenda zake. Kunguru hutua ukutani na wenzake, hupiga kelele, hungoja koo ageuke, kisha huchukua kwa mdomo. Ni mweusi, shingo yake ya kijivu. Kunguru huyu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na mpaka leo anafuata taka. Mimi naona mara nyingi tunamsingizia kipanga makosa ya kunguru. Matumbo ya samaki yafukie. Ukiyatupa uani, umemwalika.

Sasa kinga. Mayai huanguliwa baada ya siku 21. Tangu siku hiyo, kwa wiki sita au nane, usiwaachie vifaranga wazurure. Wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, mahali penye kivuli. Weka jiwe juu ya tenga lisipinduke. Wape maji humo humo, na usogeze tenga kila siku ili wasikae juu ya mavi yao.

Wakianza kutoka, tandaza wavu mkuukuu wa uvuvi juu ya sehemu ya ua. Ufunge kwenye nguzo, juu ya kichwa cha mtu, uukaze vizuri. Wavu uliolegea hunasa ndege. Huna wavu? Jenga kibanda kifupi cha makuti, uwalishe chini yake. Kipanga akipita juu, koo hulia, na vifaranga hukimbilia humo. Jioni wafungie bandani. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Na kama mtoto amekwisha kula sumu? Dalili za dawa nyingi za wadudu ni mate mengi, jasho, kutapika, kuhara na kupumua kwa shida. Usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mfute mdomo, mvue nguo zilizoingia dawa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mpeleke mara moja Hospitali ya Mnazi Mmoja, nawe uchukue chupa au pakiti ya ile dawa ili daktari asome jina lake.