Kanu na nguchiro wanatafuta nini kambini?



Kanu, mwenye madoa na mkia mrefu, anakuja usiku. Nguchiro anakuja mchana. Wanakula panya, panzi, nyoka na mayai. Wakila panya wanatusaidia. Lakini ukitupa takataka ovyo, panya wanaongezeka, nao wanawafuata mpaka nyumbani, kisha wanakamata kuku.

Basi funika pipa la takataka. Jioni funga kuku ndani ya banda lenye waya.

Mnyama wa pori asiyeogopa watu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Watoto wasimshike. Akiuma mtu, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku ile ile kupata sindano. Ugonjwa ukisha kuonekana, hakuna dawa ya kuuponya.