Kioo cha Mbele cha Gari Hushikiliwa na Nini?

Mtu atazamapo kioo cha mbele cha gari huona ukanda mweusi wa mpira kandokando yake, akadhani ndio unaokishikilia. Katika magari ya zamani, mathalani Volkswagen Beetle, dhana hiyo ilikuwa sahihi. Mpira ulikuwa na mifereji miwili: mmoja uliuma kioo, wa pili uliuma ukingo wa bati. Fundi alilaza kamba mferejini, akapaka maji ya sabuni, kisha akaivuta kutoka ndani huku mwenzake akikisukuma kioo kwa nje.

Katika magari mengi ya leo, ukanda huo huziba mwanya tu, usipitishe maji wala mvumo wa upepo. Kazi ya kushikilia hufanywa na gundi ya poliyurethani. Kioo kimekuwa sehemu ya kiunzi cha gari: husaidia paa lisibonyee gari lipinduapo, na aghalabu mfuko wa hewa wa abiria hufumka ukikiegemea. Kioo kikibanduka, mfuko nao hukosa egemeo.

Gundi hii haikauki kama rangi, kwa kupoteza maji. Kinyume chake, huyahitaji: mvuke wa maji uliomo hewani huingia ndani yake, na kemikali zake huungana na kuwa mpira mgumu. Kwa kuwa mvuke huanzia nje, ngozi ya juu huwa ngumu hali kiini kingali laini. Ndiyo sababu fundi mwaminifu humzuia mwenye gari asiondoke upesi. Muda huandikwa kwenye kopo, nao hurefuka zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Dar es Salaam penye hewa nyevu.

Akitoa kioo cha zamani, fundi huikata gundi kwa waya, akaacha tabaka nyembamba ya milimita moja au mbili, kwani gundi mpya hushika vema juu yake. Bati lililokwaruzwa hupakwa rangi ya kwanza ili kutu isiingie chini ya gundi. Silikoni, ambayo wengine huitumia kwa urahisi wake, haifai kabisa. Mabaki yake huizuia hata poliyurethani isishike baadaye.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Kamulia gundi ya poliyurethani juu ya ubao: mstari mmoja mwembamba, mwingine mnene kama kidole gumba. Kesho yake wanafunzi waikate yote miwili kwa wembe, wapime unene wa sehemu iliyogumu.