Kwenda kwa Gurudumu Moja

Kuinua gurudumu la mbele la baiskeli na kuendelea kwa gurudumu la nyuma peke yake ni mchezo utamaniwao na vijana wengi. Wengi hudhani kwamba wataka nguvu za mikono. Sivyo. Ni hesabu ya wenzo, ile ile tunayofundishwa katika Fizikia.

Egemeo ni pale gurudumu la nyuma linapogusa ardhi. Uzito wa mtu na baiskeli yake uko mbele ya egemeo hilo, nao hulikandamiza chini gurudumu la mbele. Msukumo utokao kwenye pedali, ukipita katika mnyororo hadi ardhini, hutaka kuliinua. Tuseme uzito wote ni kilo 75, na kitovu chake kiko sentimeta 100 juu ya ardhi na sentimeta 40 mbele ya egemeo. Hapo msukumo wa nyutoni 300 watakiwa. Lakini mpandaji akirudisha kiwiliwili nyuma hata sentimeta 40 zikawa 20, nyutoni 150 zatosha. Amepunguza kazi kwa nusu, wala hakuongeza nguvu.

Basi mafunzo yawe hivi.

Kwanza, jifunze kushuka kabla ya kupanda. Ukiibana breki ya nyuma, gurudumu la mbele hurudi chini. Jua breki hiyo iko mkono gani, na kidole kisiondoke juu yake. Baiskeli isiyo na breki ya nyuma haifai kabisa kwa mchezo huu.

Pili, chagua uwanja wa majani wenye mwinuko mdogo, si barabara. Vaa viatu na kofia ngumu. Teremsha kiti kidogo, wala usipakie mtu nyuma.

Tatu, nenda mwendo wa mtu atembeaye. Kama baiskeli ina gia, tumia iliyo nyepesi. Inama mbele kidogo. Kisha, kwa mara moja, kanyaga pedali kwa nguvu na kujirudisha nyuma, mikono imenyooka.

Nne, gurudumu likiinuka, endelea kukanyaga. Likianza kushuka, ongeza. Likizidi kwenda nyuma, gusa breki taratibu. Ukilalia kushoto, toa goti la kulia nje. Ukilalia kulia, toa la kushoto. Usukani uwe umenyooka gurudumu linapotua, maana likitua upande litakuangusha.

Dakika chache kila jioni zatosha. Mwili uliochoka huchelewa kubana breki.

Tena tukumbuke kwamba baiskeli ya nyumbani ndiyo ichukuayo maji, mahindi na mgonjwa. Rimu ikipinda kwa mchezo, nyumba nzima hutembea kwa miguu. Kwa hiyo omba ruhusa ya mwenyewe kwanza, na ukague breki mbele yake. Mzazi aonaye kwamba mtoto wake ajua kusimamisha baiskeli hatachelea sana kumwachia aipande.